Kupima uendelevu kabla ya kuamua: mwongozo wa hatua kwa hatua

Tathmini nyingi za uendelevu huandikwa uamuzi ukiwa umeshapita. Mkubwa ameshachagua, mkandarasi ameshaitwa, ndipo mtu mmoja anaambiwa, "Hebu tuandikie kitu cha mazingira." Ripoti inatoka nene, jalada la kijani, picha ya mche mkononi, na haikusogeza hata msumari mmoja. Mwongozo huu ni wa anayetaka kinyume cha hapo: tathmini inayofanywa mapema, fupi kadiri inavyowezekana, inayomwonyesha mwamuzi mahali namba zinapoishia na upendeleo wake unapoanza.

Huhitaji programu ya gharama kubwa. Lahajedwali, watu wachache wanaoijua kazi, na uvumilivu wa kuuliza maswali yanayoonekana ya kijinga vinatosha kwa maamuzi mengi. Njia nzima nitaipitisha kwenye mfano mmoja: kamati ya mradi wa maji inachagua pampu ya kisima kirefu kati ya dizeli, sola, na mseto wa hizo mbili. Namba za pampu hizo ni za kubuni, nimezipanga ziwe rahisi kukokotoa. Namba nyingine zote ni za kweli.

Hatua ya 1: Andika uamuzi, usiandike mada

"Uendelevu wa mradi wa maji" ni mada, na mada haina mwisho. Uamuzi una sura hii: "Kabla ya bajeti kufungwa, kamati ichague pampu ya dizeli, ya sola au ya mseto kwa kisima kitakachotumika miaka 20." Humo mna anayeamua, machaguo, tarehe ya mwisho na muda wa kuhesabia. Kimojawapo kikikosekana, simama ukitafute kwanza.

Kisha muulize mwamuzi swali moja: ni matokeo gani yangekufanya ubadili mawazo? Akijibu kwamba hakuna, funga daftari. Umeokoa miezi miwili ya kazi.

Kwenye machaguo ongeza mawili ambayo husahaulika karibu kila mara. La kwanza ni kuacha mambo yalivyo, maana bila hilo huna pa kupimia nafuu. La pili ni kupunguza mahitaji yenyewe: labda bomba linavuja kiasi kwamba kuziba mianya kunatosha bila pampu mpya. Nimeona zaidi ya mara moja chaguo zuri kuliko yote likiwa halimo kwenye orodha kwa sababu tu hakuna mtu wa kuliuza.

Hatua ya 2: Kubalianeni nini hakifidiki

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza maendeleo endelevu kuwa yale yanayokidhi mahitaji ya sasa bila kuwanyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi ya kwao. Sentensi nzuri, ila huwezi kuipima kwa rula. Chini yake kuna ugomvi wa zamani ambao lazima uumalize kabla ya kuchagua njia.

Upande mmoja unasema msitu uliopotea waweza kulipwa na shule iliyojengwa, mradi jumla ya utajiri haipungui. Huo wataalamu huuita uendelevu dhaifu. Upande wa pili, wa uendelevu thabiti, unasema yapo mambo yasiyo na mbadala: chemchemi ikikauka, hakuna idadi ya madarasa itakayoirudisha. Ukiwa wa upande wa kwanza, unaweza kujumlisha kila kitu kuwa alama moja. Ukiwa wa pili, kujumlisha huko kunakuficha jambo ulilotaka kulilinda.

Mimi huanza na mipaka, alama baadaye. Mwaka 2009 mwanasayansi Johan Rockström na wenzake walipendekeza mipaka tisa ya dunia ambayo kuivuka ni kujiingiza hatarini. Mwaka 2012 mchumi Kate Raworth akaongeza mpaka wa ndani, yaani mahitaji ya binadamu ambayo hakuna anayepaswa kuanguka chini yake. Kwa kamati ya maji huhitaji kubeba dunia nzima kichwani. Chukua wazo la dari na sakafu. Dari: kisima kisichotwe zaidi ya kiasi ambacho mvua hurudisha ardhini. Sakafu: kila kaya ipate kiasi fulani cha maji kwa siku, kilichotajwa kwa lita.

Angalia dari hiyo inavyokamata kitu ambacho alama zingekipitisha. Pampu ya sola haina bili ya mafuta, hivyo hakuna kinachomzuia mtu kuiacha ivute kutwa nzima. Yenye sifa ya kutunza hewa ndiyo inayoweza kukausha kisima haraka zaidi. Kwa hiyo sola na mseto vinaingia mezani kwa sharti la mita na kikomo cha uchotaji. Chaguo lisilotimiza mpaka linatoka hapa hapa, hata kama ni rahisi kama hewa.

Hatua ya 3: Chagua njia inayojibu swali lako

Watu huanza na njia wanayoijua, kisha wanalikata swali litoshe. Anza na swali.

Kama swali ni bidhaa au teknolojia ipi ina madhara madogo, unataka tathmini ya mzunguko wa maisha. Inafuata kitu tangu malighafi inachimbwa hadi kinapotupwa. Viwango vya ISO 14040 na 14044 vya mwaka 2006 vinaigawa katika awamu nne: kuweka lengo na mipaka, kukusanya hesabu ya vinavyoingia na kutoka, kugeuza hesabu hiyo kuwa athari, na kufasiri. Awamu ya kwanza ndiyo inayoamua mengi, nayo ndiyo watu huipitia mbiombio.

Kama swali ni mradi huu, mahali hapa, ni tathmini ya athari kwa mazingira. Ilipata nguvu ya sheria Marekani, kwa sheria ya sera ya mazingira iliyosainiwa Januari 1, 1970, kisha nchi nyingi zikaiga. Nguvu yake ni kwamba inakulazimisha kueleza hali ilivyo kabla ya kugusa chochote, kutaja njia za kupunguza madhara, na kufuatilia baadaye. Udhaifu wake ni kwamba huja mradi ukiwa umeshachorwa. Kwa sera au mpango mzima ipo tathmini ya kimkakati, ambayo Umoja wa Ulaya uliiwekea agizo lake mwaka 2001. Hiyo huuliza mapema zaidi, wakati bado inawezekana kusema "tusijenge hiki, tujenge kile". Ukikutana na jedwali kubwa la Leopold la mwaka 1971, lenye vitendo 100 kwa hali 88 za mazingira, yaani visanduku 8,800, lichukulie kama orodha ya kukumbushia. Kulijaza lote ni adhabu.

Kama swali ni je, faida inazidi gharama, kuna uchambuzi wa gharama na faida. Sheria ya Marekani ya kudhibiti mafuriko ya mwaka 1936 ilitaka faida, zimfikie nani zimfikie, zizidi gharama. Maneno hayo, "zimfikie nani zimfikie", yana nguvu na yana sumu pia: aliyepoteza shamba na aliyepata umeme wanaingia kwenye jumla moja, na jumla haina sura ya mtu. Ukiitumia njia hii, ambatanisha ukurasa mmoja unaoonyesha nani anapata na nani analipa.

Kama swali ni kwamba vigezo vyenu haviongei lugha moja, kimoja kiko kwenye pesa, kingine kwenye kilo za gesi joto, cha tatu kwenye siku watu wanazokaa bila maji, mnahitaji uchambuzi wa vigezo vingi. Ndiyo njia nitakayoitumia kwa pampu, nikiilisha namba kutoka kwenye tathmini ya mzunguko wa maisha. Kuchanganya njia hivi ni kawaida kabisa.

Unyayo wa ikolojia, yaani eneo la ardhi na bahari linalohitajika kubeba matumizi ya watu, na faharasa zenye alama moja kwa nchi nzima ni nzuri kwa kuamsha mjadala. Kwa kuchagua pampu hazikusaidii.

Hatua ya 4: Weka kipimo cha huduma, kisha chora mipaka

Usilinganishe pampu na pampu. Linganisha huduma na huduma: mita moja ya ujazo ya maji iliyofika kwenye tangi, kwa miaka 20. Pampu inayokufa baada ya miaka saba lazima ihesabiwe karibu mara tatu. Pampu ndogo inayotoa nusu ya maji haiwezi kusifiwa kwa kutumia nusu ya nishati.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Paneli ya sola haitoi moshi ikiwa juu ya paa, lakini ilitengenezwa kiwandani kwa joto kali na umeme mwingi. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, katika ripoti ya 2014, lilitaja takriban gramu 41 hadi 48 za gesi joto kwa kila kilowati-saa ya sola kwa maisha yake yote, dhidi ya takriban 820 za makaa ya mawe. Sola bado inashinda kwa mbali, ila namba yake si sifuri, na betri zikiingia inapanda. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa karibu kilo 2.7 za kaboni dioksaidi, na hapo hujahesabu kuichimba, kuisafisha na kuisafirisha.

Jinsi mipaka na viashiria vinavyoweza kupindua jibu, tazama mfuko wa kubebea bidhaa. Mwaka 2018 mamlaka ya mazingira ya Denmark ilitoa utafiti uliolinganisha mifuko. Kwa upande wa tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 52 ndipo ufanane na mfuko mwepesi wa plastiki. Kwa viashiria vyote kwa pamoja ikawa mara 7,100. Mfuko ni ule ule. Namba hiyo kubwa ilivutwa na kiashiria kimoja, uharibifu wa tabaka la ozoni. Magazeti yalibeba 7,100 na kuacha maelezo. Halafu kuna kitu ambacho utafiti wa aina hiyo haukupangwa kukijibu vizuri: mfuko uliotupwa ovyo na kuishia baharini. Kwa mji wenye shida ya mitaro kuziba, hicho ndicho kigezo cha kwanza, nacho hakimo kwenye namba zote mbili.

Kwa hiyo andika wazi kilichoachwa nje ya mipaka, kwa sentensi ambayo mtu asiye mtaalamu ataielewa.

Hatua ya 5: Chagua viashiria vichache vinavyotofautisha

Vitano hadi vinane vinatosha. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya mwaka 2015 ni 17 yenye shabaha 169. Ni dira ya dunia, hayakuandikwa yawe fomu ya kujaza kwa kila mradi.

Kila kiashiria kipite maswali mawili. Kwanza, je, machaguo yanatofautiana kwacho? Kama pampu zote tatu zinachukua eneo sawa la ardhi, ardhi haina kazi kwenye jedwali. Pili, je, kimeshahesabiwa kwa jina lingine? Lita za dizeli, gharama ya mafuta na kilo za gesi joto ni ndugu wa tumbo moja. Ukiviweka vyote vitatu, dizeli inachapwa mara tatu kwa kosa moja na huwezi kutetea matokeo mbele ya mtu makini.

Upande wa jamii ndio hubakia na maneno matupu kama "uwezeshaji". Tafuta kinachohesabika: saa ambazo mtu anatumia kuchota maji kwa wiki, muda wa kufika kwa fundi pampu ikiharibika, idadi ya watu karibu wanaoweza kuitengeneza. Kukosekana kwa hicho cha mwisho kunaweza kuua mradi hata wenye fedha.

Kwa mfano wetu nitabaki na vitatu ili hesabu ionekane: gharama ya maisha yote (dizeli ikiwa 100), kilo za gesi joto kwa mita ya ujazo, na siku bila maji kwa mwaka.

Hatua ya 6: Kusanya data, na uonyeshe ubora wake

Kila namba ipe herufi. A ni iliyopimwa, B ni iliyokokotolewa kutoka vyanzo vinavyoaminika, C ni makisio ya mtu anayejua kazi. Usione haya kuweka C. Haya ni pale C inapovaa nguo ya A kwa kuongezewa desimali tatu.

Kuna namba mbili zinazoonekana za kitaalamu tu, kumbe zimebeba msimamo. Ya kwanza ni muda wa kupimia gesi joto. Kwa miaka 100, ripoti ya jopo hilo la tabianchi ya 2013 iliipa tani ya methani uzito wa takriban tani 28 za kaboni dioksaidi. Kwa miaka 20, takriban 84. Mradi wa taka au wa mifugo unaweza kubadilika sura kwa kubadili muda huo tu.

Ya pili ni kiwango cha punguzo, yaani tunavyoshusha thamani ya kitu kwa kuwa kitatokea baadaye. Hasara ya 1,000 itakayotokea baada ya miaka 50, kwa punguzo la asilimia 5, leo inahesabiwa kama 87. Kwa asilimia 1.4, inahesabiwa kama 499. Asilimia 1.4 ndiyo iliyokaribia ile aliyoitumia Nicholas Stern katika ripoti yake ya 2006 kwa serikali ya Uingereza, na William Nordhaus alimpinga akisema kiwango kifanane na kinachoonekana sokoni. Wachumi wawili wakubwa, na kiini cha ugomvi wao kilikuwa mjukuu wako ana thamani gani leo. Usimwachie mhasibu akuchagulie kiwango hicho kimyakimya. Kokotoa kwa viwango viwili na uonyeshe yote.

Hatua ya 7: Toa alama, kisha uzito

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu hudanganyika bila kujua. Data za mfano ni hizi:

| Chaguo | Gharama | Gesi joto (kg) | Siku bila maji |
|---|---|---|---|
| Dizeli | 100 | 0.9 | 18 |
| Sola | 70 | 0.1 | 30 |
| Mseto | 85 | 0.3 | 6 |

Sola ina siku 30 kwa sababu ya mawingu na kwa sababu fundi yuko mbali. Sasa geuza kila safu iwe alama: aliye bora 100, aliye mbaya 0, wa katikati kwa uwiano. Dizeli inapata 0, 0 na 50. Sola inapata 100, 100 na 0. Mseto unapata 50, 75 na 100.

Uzito usiutoe kwa kuuliza "gharama ni muhimu kiasi gani?" Kila mtu atasema muhimu sana. Waambie wafikirie pampu mbaya kwa kila kitu: gharama 100, gesi 0.9, siku 30. Kisha uliza: mkiruhusiwa kuponya jambo moja tu, toka baya kabisa hadi zuri kabisa mlilonalo, mtaponya lipi? Hilo lipe 100. La pili lina thamani gani ukilinganisha na la kwanza? Kwa njia hii watu wanapima tofauti iliyopo mezani, wanaacha kupima neno.

Tuseme wajumbe wanaoshika fedha wanajibu: gharama 100, gesi joto 60, siku bila maji 40. Ukigawa kwa jumla yake unapata 50, 30 na 20 kwa mia. Sola inapata 80, mseto 67.5, dizeli 10. Sola imeshinda.

Wanaochota maji wenyewe wanajibu: siku bila maji 100, gharama 100, gesi joto 50. Inakuwa 40 kwa gharama, 20 kwa gesi, 40 kwa siku. Mseto unapata 75, sola 60, dizeli 20. Mseto umeshinda.

Mwamba ngoma huvutia kwake, na hakuna kosa hapo. Kosa ni kuchukua wastani wa makundi hayo mawili na kuwasilisha alama moja kana kwamba hapakuwa na tofauti. Onyesha matokeo ya kila kundi kwa safu yake.

Sasa mtego. Rudi kwenye uzito sawa kwa vigezo vyote vitatu: mseto unapata 75, sola 66.7. Mtu anasema, tuingize na pampu kuukuu iliyopo stoo, iwe kamili: gharama 95, gesi 0.8, siku 54 bila maji. Hakuna atakayeichagua, haifiki hata alama 10. Lakini sasa aliye mbaya zaidi kwa siku ni 54, si 30, kwa hiyo siku 30 za sola zinapanda kutoka alama 0 hadi 50. Ukijumlisha upya, sola inapata 83.3 na mseto unabaki 75. Pampu bovu isiyotakiwa na mtu imebadilisha mshindi. Mwenye nia mbaya akiijua hila hii, atakuletea machaguo ya kujazia.

Dawa ni kuweka ncha za kipimo kabla ya kuona machaguo. Mkubaliane, kwa mfano, kwamba siku 0 bila maji ni alama 100 na siku 30 ni alama 0, basi hata ije pampu ya namna gani, mizani haisogei.

Kuna njia za kisasa zaidi. Thomas Saaty aliunda katika miaka ya 1970 njia ya kulinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9, yenye namba ya kukagua kama majibu ya mtu yanajipinga: namba hiyo ikizidi 0.10, unamwomba ayatazame upya. Ni nzuri kwa kikao chenye ubishi. Haikuponyi na tatizo la mizani kusogea chaguo jipya linapoingia.

Hatua ya 8: Tikisa matokeo

Acha kuuliza nani ameshinda, uliza angeshindwa lini. Kwenye mfano wetu, ukiweka uwiano wa gharama na gesi kuwa 5 kwa 3 kama walivyotaka washika fedha, na ukapandisha taratibu uzito wa siku bila maji, mseto unaipiku sola uzito huo ukifika takriban 29 kwa mia. Ugomvi wote wa kamati sasa umekuwa swali moja linalojibika: je, kwetu siku bila maji inabeba zaidi au chini ya 29 kwa mia? Watu ambao hawakusikilizana saa tatu hulijibu hilo kwa dakika kumi.

Fanya vivyo hivyo kwa data zenye herufi C. Tuseme gharama ya mseto ndiyo yenye mashaka. Kwa uzito wa wachotaji maji, mseto unaendelea kushinda hadi gharama yake ipite 96. Makisio yakiwa kati ya 80 na 92, lala usingizi. Yakiwa kati ya 80 na 105, tuma mtu akapate bei ya uhakika, na hiyo ndiyo data pekee inayostahili nauli.

Ukiona mshindi hageuki hata utikise vipi, acha kukusanya. Ukiona anageuka kwa kila pumzi, sema hivyo: machaguo yanalingana, amueni kwa kigezo kingine, pengine kwa lile lililo rahisi kubatilishwa baadaye.

Hatua ya 9: Andika ukurasa mmoja, na tarehe ya kurudi

Mwamuzi hatasoma viambatanisho. Mpe ukurasa wenye uamuzi ulivyoandikwa kwenye hatua ya 1, mipaka na chaguo lililotolewa kwa kuivuka, jedwali la data na herufi zake, matokeo kwa kila kundi, na sehemu ya kugeukia. Usimwandikie "chaguo endelevu zaidi ni". Mwandikie: "Mkiona uzito wa siku bila maji unazidi 29 kwa mia, fungeni mseto, mkiona chini ya hapo, fungeni sola na muajiri fundi wa karibu." Sentensi hiyo inamrudishia uamuzi mwenyewe, na inamnyima kichaka cha kujifichia. Wakubwa wengine hawaipendi.

Chini kabisa weka vichocheo vya kurudi mezani: kina cha maji kisimani kikishuka kwa mita mlizokubaliana, siku bila maji zikizidi 10 ndani ya mwaka wa kwanza, au betri zikihitaji kubadilishwa kabla ya muda uliohesabiwa. Kila kichocheo kiwe na jina la mtu anayekisoma na siku ya mwezi anayokisoma. Kisha bandika nakala ukutani kwenye chumba cha pampu, karibu na mita, mahali anapofika mwenye ufunguo.